Ada ya Alhamisi

Mkwaja,
Ijumaa, 10 Januari 2025

Mdogo wangu Tahiri,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, magoti ndiyo yaleyale, usiniulize. Nisalimie mkeo Hasina na watoto, halafu ukae chini usome kwa utulivu, maana nina jambo.

Juzi Mudathir wa basi kaniletea bahasha kubwa, ina muhuri wa duka la rafiki yako Bwana Taimur wa Tanga mjini. Nje wameandika Maalim Zuleha binti Mwinyijuma, jina zima, utadhani naitwa mahakamani. Ndani mna barua kwa khati za Kiarabu, kama hizi ninazokuandikia, maneno yana adabu mpaka yanateleza. Eti kuna Kamati ya Kuwaenzi Waalimu wa Vyuo vya Qur'ani. Kamati imepata habari kwamba nimesomesha watoto wa hapa Mkwaja miaka thelathini na minane. Basi kuanzia mwezi wa pili nitalipwa mshahara, laki moja na themanini, kila tarehe mosi, kwa simu. Sharti ni moja tu. Nisipokee tena ada ya Alhamisi. Mtoto asije na kitu chuoni, si sarafu, si yai, si nazi.

Ala! Mimi na utu uzima huu nina mwajiri?

Tahiri, wewe unaijua Alhamisi yangu. Mama zao huja wenyewe na vitambaa vyao, wakaweka walichojaliwa, wakakaa ukumbini kwangu, wakasema. Hapo ndipo ninapojua nani kajifungua, nani kaachwa, nani hana chumvi ndani. Ndiyo Alhamisi iliyokulea wewe tangu mama alipokufa ukiwa na miaka minne. Leo nifunge mlango, ningoje simu ilie?

Na hao wajumbe ni nani? Barua haina jina hata moja. Wewe ni mtu wa Horohoro, unapitishia watu mizigo mpakani, unajuana na wakubwa. Niulizie kwa Taimur. Nisipopenda jibu naikataa, mchana kweupe.

Dada yako,
Zuleha

*

Horohoro,
Jumatano, 15 Januari 2025

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua imefika na nimeisoma mara mbili. Unisamehe nakujibu kwa hati za shule kama siku zote, zile zako mkono umekwisha kuzisahau.

Nimemuuliza Taimur. Watu wa kamati ni watu wa kheri, Dada, na hawapendi kutajwa kwa kuwa wanataka thawabu zao zisipungue. Yeye ni wa kupitishia tu. Hakuna siasa ndani yake, hakuna mtu atakuja kukupiga picha.

Nakusihi upokee. Mwaka juzi nilikutumia pesa ya dari, ukanirudishia yote na ukaongeza nauli ya aliyeileta. Mwaka jana nikakutumia ya kwenda hospitali kuonyesha magoti, ukaniambia ninunue viatu vya watoto. Sawa, changu hukitaki. Hiki si changu. Hiki ni haki yako kwa kazi uliyoifanya. Tangu lini mwalimu akae akingoja yai la mtu ndipo ajue atakula nini?

Na hilo sharti mimi naliona zuri sana. Mtoto aende chuoni mikono mitupu, asome, arudi kwao. Mwalimu awe mwalimu.

Kubali, Dada. Fanya kwa ajili yangu.

Nduguyo,
Tahiri

*

Horohoro,
Jumapili, 19 Januari 2025

Taimur, mwenzangu,

Salamu nyingi kwako, kwa mama yako Bi Muzna na kwa wote wa dukani. Amekubali! Kanipigia simu jana, maneno mawili tu: "Haya, nimekubali." Hasina anasema hakuwahi kuniona nikiruka kitandani hivyo.

Basi mpango ni uleule. Kila mwisho wa mwezi nitakuingizia wewe, nawe utamtumia yeye kwa jina la duka lako. Kamati ni mimi, mwenyekiti mimi, mweka hazina mimi. Ile barua nimeifanyia mazoezi wiki nzima, maana khati za Kiarabu sijaziandika tangu nimalize msahafu. Hati ya shule angeijua mara moja. Hii hajaiona miaka thelathini, hawezi kuifahamu.

Umeniuliza kwa nini nimeweka sharti la ada. Wewe baba yako alikuwa na duka, hukuyaona haya. Idi moja Dada alinishonea shati la kijani. Nilikuwa na miaka tisa. Nikatoka nalo barazani, Sele wa chuoni akanishika kola mbele ya wenzetu wote akasema, "Hili shati ni mayai yetu." Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Nililivua nikalisukumia chini ya kitanda. Dada akaniuliza, nikasema linanibana.

Kila nikikumbuka kwamba mpaka leo anakaa ukumbini akingoja vitambaa vya watu, nasikia mkono ule kolani. Sitaki tena. Mwambie yeyote atakayeuliza kwamba hujui kitu.

Wako,
Tahiri

*

Mkwaja,
Ijumaa, 4 Aprili 2025

Mdogo wangu Tahiri,

Idi mubaraka, Mungu atukutanishe na nyingine. Vitambaa vya Hasina vimefika, kile cha zambarau nimekivaa siku ya pili na watu wameuliza.

Uliniambia kwa simu nikueleze mshahara unavyokwenda. Mambo marefu hayasemeki kwenye simu, hapa kwetu sauti hukatika pale penye utamu. Haya, sikia.

Mara ya kwanza simu ililia alfajiri nikadhani kuna msiba. Nikavaa miwani, nikaona laki na themanini na jina la duka. Nikakaa kitandani nikasema, "Ahsante, baba." Nikaiambia simu! Sasa kila tarehe mosi ndivyo ninavyofanya.

Lakini Tahiri, kazi hii ya mshahara ina taabu zake, mbona hukuniambia? Zamani nikiumwa nafunga chuo, hakuna Alhamisi, yamekwisha, hakuna anayemdai mwenziwe. Mwezi wa pili nimelala siku tano na magoti, na pesa ikaja vilevile kamili. Nikajisikia mwizi. Halafu ukaingia Ramadhani, na unajua Ramadhani chuo hufungwa. Simu ikalia palepale. Mwezi mzima nalipwa kwa kulala! Roho ikakataa. Nikasema hapana, hii nitaifanyia kazi iwe halali. Nikajipangia nyumba nne kila siku baada ya alasiri, nikawasomesha akina mama majumbani, wale waliokatiza chuo walipoolewa. Nimezunguka Mkwaja nzima na fimbo, kutoka kwa Bi Saleha mpaka kule mwisho pwani. Wanawake kumi na sita, na watatu sasa wanasoma Yasini bila kushikwa mkono.

Goti la kulia limevimba kama papai, lakini deni la mtu sina.

Alhamisi zimekuwa kimya. Nawatandikia mkeka kwa mazoea, kisha naukunja.

Dada yako,
Zuleha

*

Horohoro,
Jumatatu, 7 Aprili 2025

Dada,

Shikamoo. Unaniua, wallahi unaniua.

Nyumba nne kwa siku! Na funga! Na goti! Mshahara wa mwezi si kibarua cha kutwa, Dada. Mtu akilipwa kwa mwezi, siku akiumwa analipwa, likizo analipwa, akikaa barazani akatazama kuku analipwa. Mimi mwenyewe nilipolazwa na homa mwaka ule nililipwa mwezi mzima na sikumfanyia kazi mtu hata ya kubeba karatasi. Hiyo ndiyo raha yake. Mimi sikutaka, yaani wajumbe hawakutaka, wewe upate shida zaidi. Walitaka upumzike!

Tafadhali nenda Pangani hospitali, waonyeshe goti. Zile pesa ndiyo kazi yake. Na hao akina mama waje kwako, usiwafuate.

Na Alhamisi kimya ni neema. Lala usingizi wa mchana. Watu wanautafuta usingizi huo hawaupati.

Hasina anasema nikuandikie kwamba amecheka mpaka machozi kwa habari ya goti la papai, kisha akalia kweli.

Nduguyo mwenye wasiwasi,
Tahiri

*

Mkwaja,
Ijumaa, 25 Aprili 2025

Mdogo wangu Tahiri,

Pangani nimekwenda. Wamelifunga goti, wamenipa vidonge na kunikataza ngazi. Nimewaambia Mkwaja hakuna ngazi, daktari akacheka. Basi hilo limekwisha, tuseme lingine, na hili si la kucheka.

Unamkumbuka Semeni, mke wa Uweso? Uweso kapata kiharusi mwaka jana, hanyanyuki. Wana watoto wanne, wawili nasomesha mimi. Wiki tatu watoto hawajaonekana chuoni. Nikatuma mtu, akaambiwa wanaumwa. Jana nimejikokota mwenyewe. Hawaumwi. Wamekonda, Tahiri. Yule mdogo alikuwa anakula embe bichi kwa chumvi, na hilo ndilo lililokuwa chakula cha mchana.

Nitakueleza kitu ambacho sijapata kumwambia mtu, na wewe ulikulia ndani yake hukukijua.

Alhamisi kila mama huja na kitambaa kimefungwa. Huingia ndani kwangu peke yake, nakifungua mimi. Na desturi yetu kitambaa hakirudi kitupu, kwa hiyo namfungia chochote, ndimu, kashata, nazi. Anatoka nacho kimefungwa vilevile. Wote huingia na fundo, wote hutoka na fundo. Nani kaleta mayai kumi na nani kaleta majani ya mchaichai, najua mimi na Mungu. Nani katoka na ndimu mbili na nani katoka na unga na samaki mkavu, najua mimi na Mungu. Semeni mwaka mzima aliingia kwangu na majani ya mchaichai. Alitoka na alichotoka nacho, akapita mbele ya wenziwe kichwa juu, hakuna aliyemtazama mara mbili.

Sasa hakuna Alhamisi. Akija kwangu, anakuja peke yake, kila mtu anamwona anakwenda kuomba. Nimemchukulia unga jana kutoka kwenye huo mshahara. Akaninyang'anya akauweka mlangoni, akasema, "Maalim, sijafika huko." Tangu nizaliwe sijapata kutazamwa vile.

Nenda ukaiulize kamati yako. Nina laki na themanini kwenye simu. Namlishaje Semeni bila Alhamisi?

Zuleha

*

Horohoro,
Jumatano, 30 Aprili 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Habari ya Semeni imenikata. Nimezungumza na kamati. Watamwongezea Semeni wake, laki moja kila mwezi, kwa simu yake mwenyewe. Niletee namba tu.

Lakini kurudisha ada, Dada, naomba usinitake nikalisemee hilo. Nitakwambia na mimi neno ambalo sijapata kukwambia. Ile Idi ya shati la kijani, halikunibana. Sele alinishika kola akasema ni mayai yao. Walicheka wote. Tangu siku ile kila nilipokula yai nyumbani nilihisi nanyang'anya mtu. Nilisoma kwa bidii ile ili nitoke kwenye mayai ya watu, na nilipoanza kupata changu nikaapa nitakutoa na wewe. Ukakataa kila nilichokupa. Miaka kumi na tano unakataa. Unadhani inaniuma kiasi gani kuwa mtu mzima, na nyumba ya matofali, na dada yangu anakula kwa watu?

Namba ya Semeni, tafadhali.

Tahiri

*

Mkwaja,
Ijumaa, 9 Mei 2025

Tahiri, mwanangu, maana wewe nimekulea, acha leo nikuite hivyo,

Namba ya Semeni sileti. Ukimpelekea mtu pesa kwa simu, jina la aliyetoa limeandikwa, kiasi kimeandikwa, saa imeandikwa. Atainunulia unga ambao hataweza kuumeza. Hujanielewa, nami sikukueleza vizuri. Tuanze upya.

Ile barua ya kamati, neno lake la kwanza ni Kamati, na herufi yake ya kwanza ni kafu. Niliitazama ile kafu imejilaza kifudifudi, mkono mmoja juu. Miaka mitatu nilikupiga vidole kwa ajili ya kafu hiyo, uisimamishe, hukuisimamisha. Hakuna kiumbe mwingine chini ya jua anayeandika kafu ile. Nilijua kabla sijafika mstari wa pili. Mudathir alikuwa bado yuko mlangoni anakunywa maji.

Nikakuandikia niulizie kwa Taimur, nikacheka peke yangu. Kisha nikaingia ndani nikalia, kwa furaha, usije ukadhani vingine. Nikasema, amehangaika huyu mtoto. Kaunda mpaka kamati! Basi nitapokea, afurahi. Kila simu ilipolia nilisema "Ahsante, baba," na baba ni wewe. Na Ramadhani nilizunguka kwa kuwa nilijua ni jasho lako, nisingeweza kulala juu yake. Ya kamati ningelala usingizi mzuri tu.

Mimi kwa kiburi changu nilikurudishia pesa miaka kumi na tano, na nilipokuwa nakurudishia nilijiona mtu mwema. Juzi Semeni aliponiwekea unga mlangoni ndipo nikajua nilikuwa nakufanyia nini. Nisamehe. Ulitafuta kitambaa cha kunifungia, nisione aibu kupokea. Ndicho nilichokuwa nikimfanyia Semeni. Umekijifunza nyumbani na hukujua kama umekijifunza.

Sasa habari ya shati. Sikujua, maskini mwanangu, ningelijua ningekwambia siku ileile. Nililikuta chini ya kitanda baada ya siku tatu. Ukasema linakubana. Nikalikunja, na Alhamisi iliyofuata nikalifunga ndani ya kitambaa cha mama yake Sele, kwa kuwa Idi ile Sele hakupata nguo mpya. Baba yake alikuwa kafukuzwa kazi kwenye shamba la mkonge. Mayai aliyoyasema ndiyo yaliyokuwa chakula chao, na mama yake alikuwa akiniletea mawili kila wiki ili asionekane. Nami nilikuwa nikimrudishia unga. Shati umelala nalo moyoni miaka yote hii, na Sele kalivaa mpaka likachanika. Leo ana mabinti wawili chuoni kwangu, na hakuna aletaye mayai kumshinda yeye. Alikuwa analeta.

Kwa hiyo uamuzi wangu huu hapa, na usibishane na mwalimu wako. Mshahara wa kamati nimeuacha kuanzia leo. Mwambie mwenyekiti namshukuru, na akajifunze kafu. Alhamisi inarudi, nimekwisha kuwapitishia habari akina mama. Wewe pesa yako sikurudishii tena maishani mwangu, ila haitakuja kwa simu. Ulisoma chuoni kwangu miaka mitano na hukuleta ada hata siku moja, kwa kuwa ulikuwa wa nyumbani. Utaleta sasa. Utakuja Alhamisi ya tarehe 22, na kitambaa mkononi kama wenzio, uweke ulichojaliwa. Nitakifungua mimi. Na utatoka na fundo, usiulize mna nini.

Semeni nimemwambia sina mchaichai nyumbani, chai hainiteremki. Kasema ataniletea.

Akupendaye,
Dada Zuleha

*

Horohoro,
Jumatatu, 12 Mei 2025

Dada, na mwalimu wangu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Kama unavyoona, leo nakuandikia kwa khati zako, sina tena cha kuficha. Kafu nimezisimamisha zote. Zile tatu za mwanzo zimeanguka, nihurumie.

Barua yako nimeisomea garini, nje ya ofisi, sikutaka mtu anione. Nimekaa humo mpaka watu wa mizigo wakaja kunigongea kioo. Nilipofika kwa Sele na lile shati nilishindwa kuendelea, ikabidi nianze tena toka juu. Kamati imevunjwa. Hasina amechukua uenyekiti, ndiye atakayepanga kitambaa kiwe na nini, mimi sitaki kujua. Taimur naye anauliza kama mtu ambaye hakusoma kwako anaruhusiwa kuleta ada. Nimemwambia aje na kitambaa, tutamsikia mwalimu.

Tarehe 22 nitakuwa hapo kabla ya adhuhuri. Nitapanga foleni nje na akina mama. Sitapitia mlango wa nyuma kama mtu wa nyumbani.

Jumamosi nilikwenda kwa fundi, nimeshona shati. La kijani. Nataka Sele alione.

Mwanafunzi wako,
Tahiri